RAD imekukataa: Mahakama ya Shirikisho ya Kanada itaangalia nini

Barua ya kukataliwa rufaa ikifika, wengi huuliza kama safari hii jaji atawasikiliza. Hatawasikiliza kwa namna wanayoifikiria. Jaji wa Mahakama ya Shirikisho hatakuuliza nani alikufuata, usiku gani, wala ulipita njia gani kukimbia. Atasoma uamuzi wa RAD, yaani idara ya rufaa ya bodi ya wakimbizi, atasoma faili lililokuwa mbele ya RAD, kisha ataamua kama uamuzi ule unasimama kwa hoja zake na kwa sheria. Hapewi kazi ya kuamua kama wewe ni mkimbizi. Hii inaitwa mapitio ya mahakama, na ni kitu kingine kabisa na rufaa.

Kwa hiyo anayeandaa ombi kwa kuisimulia upya habari yake, kwa uchungu zaidi na kwa kurasa nyingi zaidi, anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kazi yote iko kwenye zile kurasa za sababu za RAD. Zisome kwanza, hata kabla ya kumpigia wakili simu, maana ukifika kwake unajua tatizo liko aya ya ngapi utakuwa umempunguzia kazi ya siku mbili. Na siku zenyewe ni chache.

Siku 15 na kinachotakiwa ndani yake

Kifungu cha 72 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi kinatoa siku 15 kwa uamuzi uliofanywa ndani ya Kanada, kuanzia siku uliyojulishwa au ulipopata habari zake kwa njia nyingine. Jambo lililotokea nje ya Kanada, kwa mfano ofisa wa viza akikataa ombi la mkimbizi aliyeko kambini, lina siku 60. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Usijipe siku za ziada kwa sababu barua ilikaa kwa mwenzako wa nyumba au wakili wa zamani alichelewa kukutumia. Hilo ni jambo la kumweleza jaji, na jaji anaweza kulikataa.

Ndani ya siku hizo 15 unatakiwa kufanya mambo mawili: kuwasilisha mahakamani ombi la ruhusa ya mapitio na kumkabidhi nakala mjibu maombi, ambaye kwa kesi za hifadhi ni Waziri wa Uraia na Uhamiaji. Nakala ya Waziri hupelekwa ofisi ya kanda ya Idara ya Sheria, kwa kuwa mawakili wa huko ndio wanaomtetea. Wako watu wanaofikisha karatasi masijala siku ya 14, wanalala salama, kumbe upande wa pili haujapata kitu. Baada ya kumkabidhi, una siku 10 za kuweka masijala uthibitisho kwamba amekabidhiwa.

Fomu yenyewe inaitwa IR-1. Ni fupi: jina lako, uamuzi unaoupinga, tarehe yake, namba ya faili la bodi, tarehe uliyoupata, unachoomba mahakama ifanye, na misingi ya ombi lako. Ada ni dola 50 za Kanada. Unaweza kuiwasilisha kwa intaneti au kuipeleka masijala, na lugha ni Kiingereza au Kifaransa. Hoja za kina haziandikwi hapa, lakini usiiache sehemu ya misingi ikiwa mstari mmoja mkavu.

Kuna kisanduku ambacho wengi hukipita: ombi la kufichwa jina. Hukumu za mahakama hii huchapishwa kwenye intaneti, na jina lako likitafutwa na mtu uliyemkimbia, litatokea pamoja na maelezo ya kesi yako. Kanuni zinaruhusu kuomba utajwe kwa herufi tu, na mahali pa kuombea ni humo humo kwenye fomu ya mwanzo. Ukikumbuka baada ya hukumu kutoka, umechelewa.

Siku 15 zikipita, si kwamba mlango umefungwa kabisa. Jaji anaweza kuongeza muda kwa sababu maalumu. Unaomba ndani ya ombi lilelile la ruhusa, wala hufungui ombi la pembeni, na unatakiwa kuonyesha mambo manne: kwamba nia ya kupinga ulikuwa nayo muda wote, kwamba kesi yako ina uzito, kwamba upande wa pili hauumizwi na ucheleweshaji, na kwamba kuna sababu ya maana ya kuchelewa. Gharama yake kubwa lakini imejificha kwenye kanuni za uhamiaji, nayo inahusu kuondolewa nchini.

Nani analindwa wakati anasubiri

Kanuni ya 231 inasema amri ya kuondoka inasimama yenyewe pale mtu anapoomba ruhusa ya mapitio dhidi ya uamuzi wa RAD. Huhitaji kuomba kitu kingine. Unaendelea kukaa mpaka ombi likataliwe, au, kama ruhusa imetolewa, mpaka kesi iishe. Lakini aliyeomba kuongezewa muda wa kuwasilisha hapati kinga hiyo. Siku moja ya kuchelewa inaweza kukuondolea ulinzi ambao ungeupata bure, hata kama baadaye jaji anakubali kukuongezea muda.

Wala si kila aliyekataliwa anapita RAD. Kama RPD, idara iliyosikiliza ombi lako mara ya kwanza, ilisema ombi halina msingi wowote wa kuaminika, au kwamba ni wazi halina msingi, huna rufaa ya RAD. Vilevile aliyeingia kwa mpaka wa nchi kavu kutoka Marekani akapokelewa kwa kuwa ana ndugu wa karibu Kanada, yaani kwa msamaha ulio ndani ya Makubaliano ya Nchi ya Tatu Salama, hana RAD. Hawa wanakwenda mahakamani moja kwa moja kutoka RPD, na kwa kuwa uamuzi wanaoupinga si wa RAD, amri ya kuondoka haisimami yenyewe. Kanuni hiyo ina watu wengine inaowatoa pia, wakiwemo wenye makosa makubwa ya jinai.

Asiye na kinga ya moja kwa moja anahitaji ombi jingine la kusimamisha kuondolewa, pale wakala wa mipaka, CBSA, anapompa tarehe ya kusafiri. Kipimo kinatoka kesi ya Toth ya mwaka 1988 na kina sehemu tatu: kuna swali zito la kuamuliwa, utapata madhara yasiyorekebishika ukiondolewa, na mizani ya usumbufu inaelemea kwako. Zote tatu zinatakiwa. Ombi hili huanguka zaidi kwenye madhara, kwa sababu watu hurudia hatari ileile ambayo bodi ilishasema haiiamini bila kuonyesha kosa la bodi. Na usingoje mkesha wa safari. Majaji hawapendi ombi linaloletwa saa za mwisho ilhali tarehe ilijulikana wiki mbili nyuma, na wanaweza kukataa kulisikiliza.

Kusoma sababu za RAD

Chukua kalamu. Tafuta kwanza jambo lililoamua kesi. Uamuzi wa kurasa 20 unaweza kuzungumzia mambo matano, lakini mara nyingi moja ndilo lililoua ombi: kutoaminika, uwezekano wa kuishi salama mji mwingine wa nchi yako, au ulinzi wa serikali. RAD ikisema ungeweza kuhamia mji mwingine, na wewe ukaandika kurasa 25 kuhusu kuaminika bila kugusa huo mji, umeshindwa kabla ya kuanza. Hoja ya mji mwingine peke yake inatosha kukukatalia.

Kumbuka pia kwamba uamuzi unaopitiwa ni wa RAD. RPD inaweza kuwa ilikosea vibaya, lakini kama RAD ililiona kosa ikalirekebisha, kisha ikakataa kwa sababu nyingine, kosa la RPD halina kazi tena. Na hoja ambayo hukuitoa RAD, mahakama kwa kawaida haitaisikia kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo rufaa zilizoandikwa kwa haraka zinapowagharimu watu.

Kipimo cha jumla kinatoka hukumu ya Vavilov ya Mahakama ya Juu ya Kanada, 2019. Uamuzi lazima uwe wa busara: sababu zake zifuatane, zieleweke, na ziendane na ushahidi na sheria. Hukumu hiyo inasema pia kwamba pale maisha ya mtu yanapoguswa kwa uzito, sababu nazo ziwe na uzito huo. Hata hivyo jaji hachambui mstari kwa mstari kutafuta vijikosa. Tarehe iliyoandikwa vibaya isiyobadilisha chochote haitakuokoa. Kosa liwe pale uamuzi ulipoegemea.

Kwenye kuaminika, shika kesi ya Maldonado ya 1980: maneno uliyoyatoa chini ya kiapo yanachukuliwa kuwa kweli mpaka kuwe na sababu ya kuyatilia shaka. Basi zikague hizo sababu. Je, zile kauli mbili zinapingana kweli, au moja ina maelezo zaidi ya nyingine? Je, tofauti iko kwenye kiini, au kwenye rangi ya gari? Je, RAD ilizitupa barua za hospitali na za polisi kwa sababu tu ilikwishaamua kuwa wewe ni mwongo, bila kuzipima zenyewe? Hii ya mwisho ni hoja nzuri na inatokea mara kwa mara. Hoja mbaya ni kusema "walipaswa kuniamini".

Kwenye mji mwingine, kipimo ni cha Rasaratnam, 1991, chenye ngazi mbili: kusiwe na uwezekano wa maana wa kuteswa huko, na isiwe jambo lisilo la busara kwa mtu wa hali yako kukimbilia huko. Ngazi ya pili ni ngumu sana kuishinda. Kukosa kazi au ndugu huko hakutoshi. Nguvu yako iweke kwenye ya kwanza: anayekutafuta ana uwezo na nia ya kukufikia, na RAD iliruka ushahidi gani kuhusu hilo. Mfano ni pale RAD inaposema wauaji hawakukutafuta tangu uondoke, huku faili lina kiapo cha mama yako kinachosema walifika nyumbani mara mbili.

Ulinzi wa serikali unaanzia kesi ya Ward, 1993. Serikali inadhaniwa inaweza kuwalinda watu wake, na wewe ndiye wa kuonyesha kinyume kwa ushahidi ulio wazi. Hapa RAD huweza kuteleza kwa kuorodhesha sheria mpya, mafunzo ya polisi na kamati zilizoundwa, bila kuuliza kama vinamlinda mtu kweli. Nia njema ya serikali haitoshi. Kinachopimwa ni matokeo. Fungua mkusanyo wa taarifa za nchi yako ambao bodi yenyewe huutumia, tafuta kurasa zinazosema kinyume, uone kama RAD ilizitaja. Kesi ya Cepeda-Gutierrez, 1998, inasema kadiri ushahidi ulioachwa unavyokuwa muhimu, ndivyo mahakama inavyokuwa tayari kuamini kwamba haukuangaliwa.

Kisha kuna haki ya kusikilizwa, na kwa wasemaji wa Kiswahili suala la mkalimani linastahili nafasi yake. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha pwani anaweza kupotea kwenye Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi. Saa nazo huvuruga: shahidi anasema "saa mbili usiku", mkalimani anatoa saa mbili ya saa ya kizungu, na kwenye fomu ya BOC, ile uliyoeleza msingi wa ombi lako la hifadhi, ilikuwa imeandikwa 20:00, yaani saa ishirini. "Ndugu" anageuka kaka wa tumbo moja, halafu mti wa familia kwenye fomu hauna kaka. Vitu hivi vimeandikwa kwenye maamuzi kama kupingana. Sheria, tangu kesi ya Mohammadian ya 2001, inataka ukalimani uwe mfululizo, sahihi, wa mtu mwenye uwezo, usio na upendeleo na wa papo kwa papo. Lakini inataka pia ulalamike mara ya kwanza unapoweza. Ukimsikia mkalimani anakosea ukanyamaza mpaka Mahakama ya Shirikisho, utaulizwa kwa nini ulinyamaza.

Kusema tafsiri ilikuwa mbaya hakuthibitishi kitu. Omba rekodi ya sauti ya usikilizwaji. Mpe mkalimani mwingine mwenye sifa, asiye ndugu wala rafiki, asikilize na kuandika kwenye hati ya kiapo: dakika ya ngapi, ulisema nini, kilitafsiriwaje, kilipaswa kutafsiriwaje. Makosa matatu yaliyoingia kwenye sababu za kukataliwa yana thamani kuliko thelathini yasiyogusa kitu.

Kumlaumu wakili wa kwanza nako kuna utaratibu wake. Mahakama inataka wakili huyo aarifiwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujibu, na uonyeshe kwamba uzembe wake ulibadilisha matokeo. Tuhuma iliyotupwa tu ndani ya hoja hairuhusiwi.

Jalada la mwombaji

Baada ya IR-1 unatakiwa kukamilisha ombi kwa jalada. Kanuni iliyoandikwa inatoa siku 30, kuanzia kuwasilisha ombi au, kama hukuwa na sababu za maandishi, kuanzia kuzipata. Mei 2025 mahakama ilitoa amri maalumu iliyosogeza muda huo hadi siku 75 kwa sababu ya wingi wa kesi. Thibitisha na masijala muda unaokuhusu wewe kabla ya kupanga lolote. Asiyekamilisha hutupiliwa mbali bila jaji kugusa kiini cha kesi, na kinga ya kuondolewa huisha hapo.

Ndani ya jalada kuna ombi lenyewe, uamuzi na sababu zake, hati za kiapo, na hoja za maandishi, vikiwa na orodha ya yaliyomo na kurasa zenye namba. Hati ya kiapo ni mahali pa ukweli unaoujua wewe mwenyewe. Hoja za kisheria zipeleke kwenye hoja. Kama hukielewi vizuri Kiingereza wala Kifaransa, hati yako lazima itafsiriwe kwako na mkalimani mwenye uwezo na asiye na upande, naye aape kwamba alifanya hivyo, mbele ya kamishna wa viapo. Hati iliyoandikwa Kiingereza kizuri sana, ya mtu aliyehitaji mkalimani siku nzima mbele ya bodi, bila kiapo cha mkalimani, inampa wakili wa serikali kazi rahisi.

Ushahidi mpya haumo. Barua ya vitisho iliyofika mwezi uliopita haikuwa mbele ya RAD, kwa hiyo RAD haikukosea kwa kutoiona. Isipokuwa kama inathibitisha ukiukwaji wa haki ya kusikilizwa, iweke kwa ajili ya PRRA, yaani tathmini ya hatari kabla ya kuondolewa.

Mshauri wa uhamiaji mwenye leseni hawezi kukuwakilisha mahakama hii. Ni wakili, au wewe mwenyewe. Anayekwambia atakuandikia kila kitu kisha usaini kana kwamba umeandika wewe anakuacha peke yako siku ya kusikilizwa. Msaada wa kisheria wa jimbo unaweza kulipia, na mara nyingi utataka maoni ya wakili kama kesi ina uzito, jambo ambalo nalo linakula siku. Watoto walio chini ya miaka 18 walio kwenye ombi wanahitaji mtu mzima wa kuwasimamia kesi, kwa kawaida mzazi. Na hofu ya kulipishwa gharama za serikali ukishindwa iondoe: kwenye kesi hizi hakuna kulipana gharama isipokuwa kwa sababu maalumu.

Ruhusa, kisha kusikilizwa

Serikali hujibu kwa maandishi, nawe una siku 10 za kuijibu. Kisha jaji mmoja anasoma bila mtu kuitwa. Anatafuta kama kuna hoja inayoweza kutetewa. Sehemu kubwa ya maombi huishia hapa, kwa karatasi moja isiyotoa sababu, na uamuzi huo hauna rufaa. Wakati mwingine mawakili wa serikali wenyewe wakiona kosa liko wazi hukubali kesi irudi RAD, na mambo yakaisha bila usikilizwaji.

Ruhusa ikitolewa, sheria inataka usikilizwaji uwe kati ya siku 30 na 90 tangu hapo. Bodi inaleta kumbukumbu kamili za kesi. Zikague ukurasa kwa ukurasa, maana waraka wako ukikosekana humo ni hoja. Siku yenyewe hakuna mashahidi. Mawakili wanabishana juu ya maandishi, na kwa kawaida hawazidi saa moja na nusu.

Ukishinda, uamuzi unatenguliwa na kesi inarudi RAD kwa mjumbe mwingine. Hupati hadhi ya ukimbizi siku hiyo, na RAD inaweza kukukatalia tena kwa sababu zilizoandikwa vizuri zaidi. Ukishindwa, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho haiko wazi mpaka jaji athibitishe kwamba kesi ina swali zito lenye umuhimu wa jumla, nayo ni nadra.

Kuna hesabu moja ya kufanya kabla ya kufungua kesi dhaifu. Kizuizi cha miezi 12 cha kuomba PRRA, na kile cha ombi la huruma na utu, yaani la kuomba ukaazi wa kudumu kwa sababu za kibinadamu, huhesabiwa kuanzia uamuzi wa mwisho, na kama ulikwenda mahakamani, kuanzia siku mahakama ilipokukatalia. Kesi iliyofunguliwa ili kununua muda inaweza kununua miezi kadhaa ya kukaa huku ikisogeza mbele tarehe ya mlango unaokufaa zaidi. Ombi la huruma lina misamaha kwenye kizuizi hicho, kwa maslahi ya mtoto na kwa hatari ya maisha inayotokana na kukosa matibabu nchini kwako, ila lenyewe halisimamishi kuondolewa.

Na pale amri ya kuondoka inapoanza tena kufanya kazi, una siku 30 za kutoka mwenyewe na kuchukua cheti cha kuondoka kwa ofisa wa mpakani. Zikipita bila cheti, amri inageuka ya kufukuzwa, na kurudi Kanada baadaye, hata kwa kazi au kwa ndoa, kutahitaji idhini ya maandishi kwanza.